Neno "Amejitakia" Litoke Kanisani Kwetu



Leo sitawapa ujumbe mfupi kama kawaida. Kaa chini, usome hadi mwisho, na ukitaka kunikasirikia, unikasirikie ukiwa umemaliza.

Jumapili jioni kuna video iliingia kwenye kundi letu la kanisa la WhatsApp. Wengi wenu mliiona kabla sijaiondoa. Kijana anatoka klabu usiku. Anashika ukuta, anatafuta ngazi kwa mguu, anaikosa, anaanguka kisogo kikitangulia. Anayerekodi anacheka. Video inakatikia hapo.

Nilisoma mlichoandika chini yake, mmoja baada ya mwingine. Emoji za kucheka hadi machozi. "Pombe si maji." "Angekuwa kwenye kesha angeanguka?" Na neno lililorudiwa kuliko yote: amejitakia. Mtu wa kwanza kuliandika ni mtu ninayemheshimu, anayehudumu madhabahuni kila Jumapili. Wengine wakaitikia amina.

Nilisoma hadi mwisho nikitafuta swali moja tu. Aliamka? Hakuna aliyeuliza.

Ndiyo maana naandika. Neno "amejitakia" litoke kanisani kwetu. Litoke kwenye makundi yetu ya simu, litoke kwenye mazishi yetu, litoke kwenye mahubiri yangu mimi mwenyewe. Linaua watu, na nitakueleza jinsi linavyoua.

Kwanza niondoe shaka, maana najua kuna mtu ameshaanza kunakili maneno yangu ampelekee askofu. Mchungaji wenu hajaanza kutetea pombe. Nimehubiri Waefeso 5:18 katika kanisa hili miaka yote na nitaendelea. Ile 1 Timotheo 5:23 ambayo vijana hunitumia kila Desemba, Paulo alikuwa anamshauri mtu mmoja mwenye tumbo bovu atumie mvinyo kidogo. Hakuwa anamnunulia mzinga wa Ijumaa usiku. Hata Shirika la Afya Duniani, ambalo halihubiri injili, lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kwa hiyo tusibishane juu ya hilo. Ninabishana na jambo lingine: unamfanyia nini mtu ambaye tayari ameshakunywa, ameshaanguka, na sasa amelala mbele yako?

Fungua Mithali 23, kuanzia mstari wa 29. Kabla hakujakuwa na hospitali wala polisi wa barabarani, yule mwenye hekima alikuwa ameshaangalia watu wakitoka kunywa. Anauliza maswali sita mfululizo, na moja ni hili: ni nani aliye na majeraha ambayo hawezi kueleza yametoka wapi? Halafu anaeleza jinsi mlevi anavyoyumba kama mtu aliyelala baharini, juu ya mlingoti. Na mwisho, mstari wa 35, anamnukuu mlevi mwenyewe, ambaye amepigwa na hakusikia maumivu yoyote.

Usipite haraka hapo. Tumeusoma mstari huo kama kichekesho, kumbe ni onyo la daktari. Mtu aliyekunywa anaweza kuwa ameumia vibaya na asijue. Pombe inavuruga ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayotupa mizani ya kusimama na kutembea, kwa hiyo anaanguka. Inapunguza wepesi wa mwili kujikinga, kwa hiyo anaanguka kama gunia, bila kutanguliza mikono. Halafu inapunguza maumivu, kwa hiyo akiinuka anakwambia yuko sawa. Anakwambia hivyo kwa moyo safi. Hakudanganyi. Hajui.

Basi mtu wa namna hiyo, ambaye mwili wake umeacha kumwambia ukweli, anahitaji mtu mwingine mwenye akili timamu aseme kwa niaba yake. Na sisi tuliookoka, tusiokunywa, ambao saa nane ya usiku tungekuwa na akili kuliko wote mtaani, tumechagua kuwa watu wa kuandika "amejitakia".

Ndugu, mimi huenda hospitali kuombea wagonjwa. Ukitaka kujua Jumamosi usiku ilikuwaje hapa kwetu kando ya barabara ya Thika, tembelea wadi za mifupa Jumatatu asubuhi. Utamkuta aliyepanda boda boda watu watatu bila helmeti. Utamkuta aliyevuka barabara kubwa kwa miguu, njia nane za magari, na daraja la wapita njia liko hatua chache tu, kwa sababu kichwani mwake gari lilionekana mbali. Utamkuta aliyeshuka matatu kabla haijasimama. Utamkuta aliyekanyaga chupa iliyovunjika, aliyeanguka ngazini, aliyelala mtaroni mvua ikanyesha.

Na utawakuta pia ambao hawakunywa hata tone. Mhudumu wa baa aliyekatwa na glasi. Mwendeshaji wa boda aliyebeba abiria asiyeweza kukaa wima, wakaanguka wote. Mama muuza mahindi aliyegongwa na gari lililoacha barabara. Hao nao wamejitakia?

Ile ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2019 vileo vilichangia vifo milioni 2.6 duniani. Kati ya hivyo, 724,000 vilitokana na majeraha: ajali za barabarani, watu kujidhuru, ugomvi na mengineyo. Hiyo ni zaidi ya robo. Sisi tukihubiri pombe huwa tunataja ini, tunataja ndoa, tunataja mshahara unaoishia baa. Ngazi hatuitaji. Barabara hatuitaji. Na hapo ndipo vijana wanapotuondokea, wengine wakiwa hawana hata historia ya ulevi. Mtu hahitaji kuwa mlevi wa miaka kumi ndipo aanguke. Usiku mmoja unatosha, na unaweza kuwa hata ule wa kwanza.

Sasa nisimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Miaka kadhaa iliyopita tulimzika kijana wa kanisa hili. Sitataja jina lake, na ninyi mnaomfahamu nawaomba msilitaje kwenye maoni. Mama yake amenipa ruhusa kusimulia. Alikuwa na miaka 23, alipiga kinanda kwenye ibada ya pili. Alipata kazi. Mshahara wa kwanza ulipoingia, wenzake wakamwambia ni lazima washerehekee. Walitoka wanne, na watatu kati yao walikuwa vijana wetu.

Saa nane usiku wakiwa wanashuka ngazi za jengo lile, akateleza. Taa ya ngazini ilikuwa imeungua na hapakuwa na chuma cha kushikilia. Akagonga kichwa. Akainuka mwenyewe, akajipangusa, akacheka, akasema yuko sawa. Wakachukua boda mbili hadi chumba cha mmoja wao. Njiani akatapika. Wakasema ni pombe. Akaanza kuongea maneno yasiyoshikana. Wakasema ni pombe. Wakamlaza chali kitandani, akaanza kukoroma kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwake. Wakasema afadhali, amelala.

Asubuhi hakuamka.

Daktari alitueleza kwamba damu ilikuwa ikivuja ndani ya fuvu usiku ule wote.

Wiki mbili baada ya mazishi, msichana mmoja kati ya wale vijana alikuja ofisini kwangu. Hakukaa. Akafungua simu yake akanionyesha. Usiku ule, saa tisa kasoro dakika chache, alikuwa ameniandikia: "Pasta samahani kwa usiku tuko na shida." Hakuutuma. Ulikuwa bado pale kwenye sehemu ya kuandikia. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukutuma?"

Akasema, "Niliogopa, Pasta. Ile Jumapili ulisema kijana wa kanisa akionekana klabu jina lake litasomwa mbele ya watu."

Ni kweli nilisema hivyo. Nilisema kwa sauti kubwa na mkapiga makofi.

Na si hilo tu. Siku ya mazishi nilisimama mbele ya jeneza, mama yake amekaa hatua tatu kutoka kwangu, nikahubiri mshahara wa dhambi. Nilimfanya mtoto wake mfano wa kuonya wengine. Watu walikuja mbele kuokoka, nami nikajiambia ibada ilikuwa na upako. Mama yule hakulia. Aliniangalia tu.

Alikaa miezi saba bila kuja kanisani. Nilipomtembelea alinipikia chai, akaketi, akaniambia taratibu kabisa: "Pasta, mimi sikukatazi kuhubiri pombe. Baba yake alikunywa, naijua. Lakini niambie, kwa nini mtoto wa kanisa akuogope usiku?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Nilitubu mbele ya mama huyo, na leo ninatubu mbele yenu. Sisemi mimi ndimi niliyemuua. Ninasema kwamba kati ya saa tisa usiku na asubuhi palikuwa na muda wa kumfikisha hospitali, na kilichozuia simu isipigwe ni sauti yangu.

Hivyo ndivyo neno "amejitakia" linavyoua. Halimuui aliyeanguka peke yake. Linamfunga mdomo aliye karibu naye. Kila kijana aliye kwenye kundi letu Jumapili iliyopita, anayeenda klabu kwa siri na wewe hujui, alisoma yale mliyoandika. Amejifunza kitu kimoja: nikipata shida usiku, hawa si watu wa kupigia.

Najua mtanijibu. Niyachukue majibu yenu moja moja.

Wa kwanza atasema, "Pasta, hayo ni matokeo ya dhambi." Soma Luka 13:4. Mnara ulianguka kule Siloamu ukaua watu kumi na wanane. Watu wakawa na maelezo tayari, kama ninyi mnavyokuwa nayo. Bwana Yesu akawauliza kama wanadhani wale waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akawajibu kwamba sivyo, akawaambia wao wenyewe watubu. Akageuza kidole kiwaelekee waliokuwa wakinyosha kidole. Na ukitaja Warumi 6:23, usiishie katikati. Nusu ya pili ya mstari inasema juu ya zawadi.

Wa pili atasema, "Yule Msamaria mwema alimsaidia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, hakuwa mlevi." Umejuaje? Luka 10 haisemi yule mtu alikuwa ametoka wapi usiku wa kuamkia siku ile, wala alikuwa na nini tumboni. Inasema aliyepita akamwona, akamwonea huruma, akamkaribia. Hakumnusa mdomo kwanza. Waliokuwa na sababu nzuri ya kupita kando walikuwa ni kuhani na Mlawi, yaani watu wa madhabahuni.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja nzito, atasema, "Ukiwafundisha namna ya kumhudumia mlevi, umewapa ruhusa ya kunywa." Nimeliwazia hilo muda mrefu, na jibu langu liko Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anamwambia mtu anayejenga nyumba mpya aweke kizuizi kuzunguka dari, ili mtu akianguka kutoka pale, nyumba ile isibebe hatia ya damu. Angalia Mungu hakusema nini. Hakusema, wafundisheni watu wasipande darini ovyo. Hakusema, anayeanguka ni mzembe. Alisema weka kizuizi, na usipoweka, damu iko juu ya nyumba yako. Kanisa letu lina mtungi wa kuzima moto pale mlangoni. Umetupa ruhusa ya kuwasha moto?

Na hapo kwenye nyumba, nina neno na wazee wangu wenye majengo. Tuko nao kanisani, wanatoa zaka, wana ploti kuanzia Zimmerman hadi Githurai. Mzee wangu, ghorofa ya chini umepangisha baa, juu umepangisha watu. Ngazi zako ni nyembamba, hazina chuma cha kushikilia, taa iliungua tangu mwezi wa pili na keyateka anakwambia kila wiki. Kodi unapokea tarehe tano. Usiniambie pombe si yako. Ngazi ni zako. Balbu moja bei yake haifiki sadaka unayotoa Jumapili moja. Kumbukumbu la Torati 22:8 imeandikwa kwako, mwenye nyumba, kabla ya kuandikwa kwa anayeanguka.

Na wewe mwenye baa, ambaye najua mke wako ananisoma: Habakuki 2:15 inamtangazia ole mtu anayemnywesha jirani yake mpaka alewe. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho, iliweka saa za baa za kawaida: Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, na wikendi kuanzia saa 8 mchana. Unaijua na unaivunja. Unamuuzia mtu ambaye hawezi tena kushika glasi, unamuuzia mpaka pesa iishe, halafu pesa ikiisha unamwita baunsa amtoe nje. Anamtoa anamwacha kando ya barabara. Ulipokuwa ukichukua pesa alikuwa mteja. Dakika tano baadaye amekuwa "mlevi tu". Mungu anaona hesabu hiyo.

Na wewe unayerekodi. Mwanzo 9. Nuhu alikunywa akalewa akalala uchi hemani. Hamu akaona, akatoka kuwaambia ndugu zake. Hakuwa na simu, angekuwa nayo tungeiona hiyo video. Shemu na Yafethi wakachukua vazi, wakaenda kinyumenyume ili wasione, wakamfunika baba yao. Wote watatu walikuwa watoto wa mtu mmoja mlevi usiku ule. Baraka ilienda kwa waliofunika. Mpendwa, ukimkuta mtu ameanguka, mkono wako una simu. Inaweza kurekodi na inaweza kupiga. Hiyo ni chaguo lako, na utaulizwa.

Sasa tufanye nini? Sitaki msome mseme amina halafu tulale.

Jambo la kwanza. Kuanzia leo, kijana yeyote wa kanisa hili, au rafiki wa kijana wa kanisa hili, aliyekwama usiku kwa sababu yoyote ile, anipigie. Namba yangu mnayo. Nitakuja na gari, au nitatuma mzee wa kanisa. Njiani hakuna mahubiri. Jina lako halitasomwa popote. Tutazungumza baadaye, ukiwa umelala, umekula, na kichwa kimetulia. Nitazungumza, sidanganyi, kwa maana mimi ni mchungaji wako. Lakini kwanza ufike ukiwa hai.

Jambo la pili. Wewe uliye karibu na aliyeanguka, shika haya, na uwasomee vijana wako nyumbani hata kama unaamini hawanywi.

Kama amegonga kichwa, usikubali neno lake kwamba yuko sawa. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, mtu akaongea na kutembea, na saa chache baadaye akazimia. Akitapika tena na tena, akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, akichanganyikiwa, akishikwa na degedege, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, damu au maji yakitoka sikioni au puani, au ukimwita na kumtikisa bega haamki, hiyo si hangova. Ni hospitali, saa hiyo hiyo. Usingoje kupambazuke.

Kama amelala na anapumua, usimlaze chali. Mtu aliyelewa akitapika akiwa chali anaweza kusongwa na matapishi yake akafa. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe limzuie asibingirike, mkono chini ya shavu, mdomo uelekee chini kidogo. Mfunike apate joto. Kama ameanguka kutoka juu na unahofia shingo, usimnyanyue wala kumvuta ovyo. Mshike kichwa kisicheze, uite msaada. Ikibidi kumgeuza kwa sababu anatapika, mgeuzeni watu wawili au watatu kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda sawa.

Usimwache peke yake. Pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya glasi ya mwisho, kwa hiyo anaweza kuzidiwa akiwa usingizini. Kahawa haiondoi pombe. Maji baridi ya bafu hayaiondoi, na yanaweza kumwangusha tena au kumpoza mwili kupita kiasi. Kinachoiondoa ni ini na muda, karibu kinywaji kimoja kwa saa, na hauwezi kuharakishwa. Kaa naye. Kama unajua kuomba, omba ukiwa umekaa naye, huku unaangalia kifua chake kinapanda na kushuka.

Piga 999 au 112. Na mkifika hospitali wakaanza kuuliza pesa kwanza, taja Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 43(2): hakuna mtu anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Haisemi isipokuwa aliyelewa. Na ukiulizwa amekunywa nini na kiasi gani, sema ukweli wote. Usimfichie aibu kwa gharama ya maisha yake.

Jambo la tatu. Jumamosi ijayo ibada ya vijana haitakuwa na mahubiri. Dada zetu wauguzi, mnajijua, nawaomba mje mtufundishe kumlaza mtu ubavu na kumwangalia aliyegonga kichwa. Wazee wa kanisa nao waje. Mimi nitakuwa wa kwanza kulala chini mfanyie mazoezi juu yangu.

Na kwa yule aliyeandika wa kwanza chini ya ile video: ndugu yangu, nimekupigia simu tayari, tumeongea, na sikuandika haya ili uaibike. Neno hilo ulijifunza kwangu.

Tuombe.

Baba, utusamehe kwa kila aliyeanguka tukapita kando tukiwa na andiko mdomoni. Umkumbuke yule kijana wa kwenye video, ambaye jina lake hatulijui na wewe unalijua. Kama yuko kitandani mahali fulani, mponye. Kama ana mama, mfariji. Waponye watoto wetu na kifungo cha pombe, lakini kabla hawajapona, Bwana, uwafikishe nyumbani. Utupe masikio ya kusikia simu usiku, na utufanye watu ambao mtoto aliyekosea hataogopa kuwapigia. Katika jina la Yesu Kristo, amina.

Kama una kijana nyumbani, mtumie ujumbe huu usiku huu. Usiongeze onyo lako mwishoni. Mwambie tu: ukikwama, nipigie.

Mtumishi wenu na mchungaji wenu.